Mtoto Aliyeandikwa Jina Ukumbini

Miaka yote ya shule ya msingi nilivuka barabara mara mbili kila asubuhi bila haja ya kuvuka. Nyumba yetu ya Kihesa, Iringa, na shule yetu vilikuwa upande mmoja, lakini katikati palikuwa na ukumbi wa Frimasoni, na hakuna mtoto aliyefundwa vizuri ambaye angepita mbele ya mlango wake. Tulivuka tukiwa bado mbali, tukatembea chini ya mikaratusi ya upande wa pili tukiuangalia ukumbi kwa jicho la pembeni, kisha tukavuka tena. Wakati wa masika upande ule wa pili ulikuwa tope tupu. Tulipita kwenye tope.

Ulikuwa ukumbi mdogo. Nasema hivyo leo kwa sababu kazi yangu ni ukaguzi wa majengo, na nimeupima kwa futi yangu mwenyewe. Kuta ni za mawe yaliyochongwa kutoka kilima kilekile ulipojengwa, paa ni la bati lililopakwa rangi nyekundu, na madirisha yako juu kiasi kwamba mtu wa nje hawezi kuchungulia. Juu ya mlango waliojenga walichonga bikari na guni, zana za kuchorea duara na kupimia pembe ambazo fundi yeyote wa uashi anazo kwenye mfuko wake. Utotoni sikujua guni ni kitu gani. Niliona mdomo uliofunguka.

Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyekuwa na maelezo kamili. Alisema wanaume wanaoingia mle mara moja kwa mwezi, wakiwa na makoti meusi na vibegi vidogo, hawajipatii mali bure. Kila mmoja ametoa mtu.

"Ukiingia mle," alituambia siku moja akichambua maharage, "ukanywa kitu chao na jina lako likaandikwa, umeshamtoa mtu wa kwenu. Hutakufa wewe. Atakufa aliye mdogo kuliko wewe."

Aliyasema hayo kwa sauti ileile aliyotumia kutukataza kuchezea moto. Bibi hakuwa mtu wa kutishia watoto kwa utani. Alikuwa mzee wa kanisa letu la Kilutheri, na watu walimwita kusuluhisha ugomvi wa mipaka. Yeye mwenyewe akiwa msichana alikuwa amekimbia na kujificha kwenye mahindi kila gari la mgeni lilipopita, kwa sababu ya mumiani, watu walioaminika kukinga damu za wenzao. Mama yangu mdogo, aliyekuwa akitutembelea kutoka Mbeya, naye alileta habari za wachuna ngozi. Hofu ile ilikuwa na ukoo mrefu. Ukumbi uliipa mahali pa kukaa tu.

Mtunzaji wa ukumbi alikuwa mtu mrefu, mkimya, tuliyemwita Baba Lusia. Binti yake, Lusia, alikuwa darasa moja na mimi, na darasa la tatu mwalimu alitukalisha dawati moja kwa sababu wote wawili tulikuwa wafupi. Watoto wengine hawakupenda kukaa naye. Mimi nilizoea. Alikuwa hodari wa hesabu na alikuwa na tabia ya kugawa karanga zake sawasawa, moja kwako, moja kwake, hadi mwisho, na ikibaki moja anaipasua. Familia yao ilipanga vyumba viwili mtaa wa chini yetu, na mama yake alikaanga maandazi ambayo watu walinunua bila kuuliza mume wake anafanya kazi wapi. Hilo lilikuwa jambo la ajabu, nikilifikiria sasa. Watu waliogopa ukumbi lakini walikula maandazi ya nyumba ya mtunzaji wake. Ilionekana hofu yao ina mipaka, na kila mtu aliijua mipaka hiyo.

Jambo lenyewe lilitokea mchana mmoja, baada ya shule. Wingu lilikuwa limekaa vibaya toka saa sita. Mimi na Lusia tulibaki kufagia darasa, tukatoka wa mwisho, na tulipofika karibu na mikaratusi mvua ya mawe ikatushukia. Si ile ya kuokota na kutia mdomoni. Mawe yalikuwa makubwa kama ndimu, yakivunja matawi juu yetu. Lusia alinishika mkono akanivuta kuvuka barabara. Nilijua tunakwenda wapi. Nilimfuata.

Baba yake alikuwa amesimama mlangoni. "Ingieni haraka, mtapasuka vichwa."

Ndani palinukia nta ya sakafu. Alikuwa anapiga deki, na ndoo ilikuwa bado katikati ya chumba. Niliona viti virefu vya mbao vimepangwa ukutani, saa kubwa, picha za wazee waliovaa mikufu, na sakafu ya vigae vyeusi na vyeupe kama ubao wa drafti. Shuleni tulikuwa tumeambiana kwamba anayekanyaga cheusi anaua na anayekanyaga cheupe anatajirika. Nilisimama kwenye mstari, nyayo zangu zikiwa zimegawanyika nusu kwa nusu, na nikakaa hivyo mpaka miguu ikauma. Baba Lusia alidhani natetemeka kwa baridi. Alimimina chai ya rangi kutoka kwenye chupa yake, yenye tangawizi, akanipa kikombe chake mwenyewe.

"Unaitwa nani, mama?" aliniuliza.

"Atupele."

"Jina la Kinyakyusa."

"Mama yangu ni wa kule Mbeya."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye deki. Hakuandika chochote. Mkononi alikuwa na tambara, na ndani ya chumba kile sikuona kalamu wala karatasi. Nimejiuliza mara nyingi kama aliandika, na nina uhakika hakuandika. Mvua ilipokatika alitutoa kwa mlango wa nyuma akasema, "Hii msimwambie mtu. Hapa haruhusiwi kuingia mtu wa nje, na mimi ndiyo kazi yangu." Tukaitikia.

Siku ya tatu mdogo wangu Eliya, aliyekuwa hajatimiza miaka miwili, akashikwa na homa. Jioni macho yakageuka, mwili ukakakamaa, meno yakauma ulimi. Degedege. Mama alipiga kelele mara moja tu. Baba alimbeba wakakimbia naye hospitali kwa gari la jirani. Nilibaki nyumbani na bibi, naye alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda anasali kwa Kihehe. Nilisimama nyuma yake nikamwambia mgongo wake, "Bibi, mimi niliingia ukumbini. Nilikunywa chai."

Hakunipiga. Aliinuka taratibu, akanikalisha kitandani, akaniambia nirudie. Kisha akatoka kwenda kuwaita wenzake.

Walikuja watu sita. Nawakumbuka kwa jinsi walivyokaa: wazee wawili wa kanisa kwenye viti, jirani yetu mwenye duka kwenye kigoda, wanawake watatu kwenye mkeka, na bibi amesimama. Mmoja wa wale wanaume alikuwa ametoka kunywa ulanzi na harufu yake tamu ya mianzi ilijaa chumbani. Waliniuliza kwa upole. Mtu asifikiri nilitishwa.

"Chai hiyo ilikuwa nyeupe au nyekundu?"

"Nyekundu." Ilikuwa chai ya rangi. Kila mtu chumbani anakunywa chai ya rangi. Lakini niliona wakitazamana.

"Alikuuliza jina?"

"Ndiyo."

"Akaliandika?"

Hapo ndipo ninaporudi kila mara. Nilikuwa na miaka tisa. Watu wazima sita walikuwa wameinamia upande wangu wakisubiri, na hakuna mtu aliyekuwa amewahi kunisikiliza hivyo. Niliona jibu wanalolitaka limesimama mbele yangu kama chakula kilichokwisha pakuliwa. Nilisema ndiyo.

"Wapi?"

"Kwenye kitabu."

Eliya alipona. Asubuhi ya siku ya pili homa ilishuka, baada ya wiki alikuwa nyumbani anafukuza kuku. Madaktari walisema ni malaria, wakampa dawa, na dawa ikafanya kazi yake. Bibi alisema amepona kwa sababu nilikiri kabla roho yake haijafungwa kule ukumbini. Aliniambia hivyo akinipaka mafuta kichwani, kwa upendo kabisa, na kwa miaka kadhaa nilimwamini. Nilijiona mtoto aliyemuua ndugu yake kisha akamfufua.

Hakuna aliyekwenda kumpiga Baba Lusia. Mambo yetu hayakufanywa hivyo. Ila maandazi hayakununuliwa tena. Bombani, mama yake Lusia akifika, wanawake walinyamaza mpaka ajitwishe ndoo yake. Mwenye nyumba akawaambia vyumba anavihitaji kwa ajili ya mwanawe, ambaye alikuwa hana mpango wa kurudi. Mama aliomba nihamishwe dawati, nikahamishwa. Lusia alibaki peke yake, akiweka karanga zake mezani, na siku ya kwanza alizigawa kama kawaida halafu akazikusanya zote.

Walipokosa mahali pa kupanga, wakuu wa ukumbi waliwapa chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo. Wakahamia huko. Na kwa kuwa sasa waliishi mlemle, kila mtu aliyekuwa na shaka akaondokewa na shaka.

Nilimaliza darasa la saba, nikaenda kusoma Mbeya kwa mama mdogo, nikaendelea na masomo ya ujenzi, nikarudi Iringa nikiwa mwajiriwa. Bibi alikuwa ameshafariki. Nilikuwa nimejitengenezea namna ya kusimulia kisa kile nikiwa na wenzangu wa chuo: kisa cha bibi mcha Mungu na chai ya tangawizi. Walicheka. Sehemu ya kitabu sikuwa naisimulia.

Mwaka jana niliwekewa mezani jalada la ukumbi. Waliobaki kuusimamia walitaka kuufungua utumike kwa mikutano, mafunzo na sherehe, na sheria inataka jengo la umma likaguliwe. Nilikwenda asubuhi. Aliyenifungulia mlango alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani na fungu la funguo kiunoni.

"Kamwene," alinisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene," nikajibu, na sote wawili tukajua tunazungumza na nani.

Lusia ndiye msimamizi wa ukumbi. Alinitembeza kama anavyomtembeza mkaguzi yeyote. Alinieleza kwamba waliojenga walikuwa walowezi wa mashamba, Wazungu, na kwamba baada ya uhuru wengi wao waliondoka, wakabaki wachache: daktari mmoja Mlutheri, Wahindi wawili wenye maduka, Mwislamu mmoja wa usafirishaji. Mzee Kanti, mwenye duka la vitambaa, ndiye aliyebeba hati ya kiwanja ofisi hadi ofisi miaka ile nyumba nyingi zilipochukuliwa na serikali, akieleza kwamba hii si nyumba ya kupangisha. Mwaka wa njaa walijaza mahindi ya msaada humu mpaka dirishani, sakafu ikaharibika. Baba yake Lusia alitengeneza vigae vilivyovunjika kimoja kimoja. Kila Alhamisi alifungua madirisha yote kutoa unyevu, kwa sababu jiwe la Iringa linatoa jasho wakati wa baridi.

"Na walikuwa wanafanya nini?" nilimuuliza. Nilikuwa sijawahi kumuuliza mtu yeyote swali hilo.

"Walikuwa wanasoma maneno marefu, wanakula wali kuku aliopika mama, wanabishana nani anunue vitanda vya hospitali. Mimi ndiye niliyekuwa naosha sahani. Walikuwa wanachosha sana."

Nilipima, nikaandika kwamba mbao mbili za paa zibadilishwe na mlango wa nyuma ufunguke kwa nje. Kisha nikaaga.

Wiki mbili baadaye uliitishwa mkutano wa mtaa, Jumamosi, kwenye uwanja wa shule, watu watoe maoni yao. Nilikwenda kueleza mambo ya ukaguzi. Lusia alikaa mstari wa nyuma na mafaili yake mapajani. Nilipomaliza, mama mmoja wa makamo akaomba nafasi.

"Mimi sina ugomvi na bati wala mlango," alisema. "Nauliza kuhusu watoto wetu. Mama yangu alinisimulia, na wazee waliokuwepo wanajua. Kuna mtoto wa hapahapa Kihesa aliitwa mle ndani akanyweshwa damu, jina lake likaandikwa kwenye kitabu. Mdogo wake akafa wiki ileile. Sasa huko ndiko tukafanyie harusi?"

Watu waliguna kumuunga mkono. Nilimtazama Lusia. Alikuwa ameinamisha kichwa anapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Nilisimama tena. "Huyo mtoto ni mimi," nilisema. "Bibi yangu alikuwa anakaa hapo juu, karibu na kisima. Nilikunywa chai ya rangi yenye tangawizi, kwa sababu mvua ya mawe ilikuwa inanyesha na Baba Lusia alinionea huruma. Jina langu hakuliandika. Nilisema aliliandika, na nilisema uongo. Mdogo wangu hakufa. Anaitwa Eliya, anaendesha lori, jana alikuwa Makambako."

Nilikuwa nimefikiri, kwa miaka mingi, kwamba siku nikisema maneno hayo kitu kitafunguka. Mwanamume mmoja upande wa kulia akasema, si kwa sauti kubwa, "Kumbe ndiyo maana amepata kazi nzuri." Mwingine akacheka. Yule mama akanitazama kwa huruma ya kweli, kama mtu anayemtazama mgonjwa, akasema, "Mwanangu, wamekufundisha useme hivyo," na akakaa.

Mwenyekiti aliahirisha. Jumatatu nilimweleza mkuu wangu kwamba nina uhusiano na jengo lile, akampa jalada mwenzangu, na mwenzangu akaandika mambo yaleyale ya mbao na mlango. Kibali kilitoka. Leo kuna darasa la ushonaji mle kila siku za kazi, na mara mojamoja kikao cha harusi. Wapo wanaoingia. Wapo wanaovuka barabara. Nilimpigia Eliya kumweleza kwamba aliwahi kufa, akacheka mpaka akakohoa, akauliza kama alizikwa vizuri.

Siku ile baada ya mkutano nilimsubiri Lusia getini. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi, na niliomba, kwa maneno machache. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilikuwa najua ni wewe," alisema. "Baba ndiye hakujua."

Nilimuuliza ana maana gani.

"Baba alidhani ni mimi niliyekwenda kutangaza shuleni kwamba rafiki yangu ameingia. Alikuwa ametukataza, unakumbuka. Siku tuliyohamia stoo alinichapa. Hakuwa mtu wa kuchapa. Nilimwambia si mimi, ni Atu, akasema Atu ni mtoto wa watu wa kanisa, hawezi. Hakulizungumza tena. Lakini hakuniachia ufunguo mpaka nilipokuwa mtu mzima kabisa, na hata hapo alikuwa anarudi kuhakikisha nimefunga."

Nilimuuliza kama baba yake yuko hai.

"Amekufa mwaka wa nne huu. Tulimzika kwao, Ilula, juu ya mashamba ya nyanya. Alikufa akiamini hivyo." Alivaa vizuri mkoba wake begani. "Sikulaumu, Atu. Wewe ulikuwa mtoto. Mimi pia nilikuwa mtoto."

Tukaagana. Tunasalimiana vizuri sasa, na akinihitaji kwa jambo la jengo ananipigia. Hatujawa marafiki, na sidhani kama tutakuwa.

Kwa muda mrefu nilihesabu kisa kile kuwa cha bibi. Nilisema ujinga wake, hofu yake, wazee wake sita. Sasa naona kwamba bibi aliamini alichosema kwa moyo wote, na kwamba kati ya watu wote waliokuwa chumbani jioni ile, ni mmoja tu aliyejua kuwa hakuna kitabu. Bibi alionya kwamba nikiingia mle nitamtoa mtu. Nilimtoa, ingawa hakuwa wa nyumbani kwetu, na sikumtolea ukumbini.

Mwezi uliopita nilikwenda Ilula. Niliegesha gari kati ya matenga ya nyanya, nikamuuliza mama muuzaji, akanionyesha njia kwa mkono wenye tope. Kaburi lina saruji ya kawaida, imechimbika upande mmoja. Fundi aliweka mchanga mwingi. Hapakuwa na mtu. Nilisimama pale, mtu mzima mwenye cheti cha ujenzi, nikajisikia mjinga, kisha nikasema kwa sauti jina langu na la baba yangu, na kwamba aliyesema ni mimi, na kwamba Lusia alikaa kimya kama alivyoagizwa.

Sijui kama waliokufa wanasikia. Bibi alikuwa na hakika kwamba wanasikia, na alizungumza nao mara kwa mara kama mtu anayeongea na chumba cha pili. Yapo mengi niliyoyaacha katika mafundisho yake. Hilo moja sijaliacha.